Nyuma, Kushoto

Kwanza mawe. Mwanza hatukosi mawe:
moja mbele ya tairi la mbele, jingine nyuma yake,
ndipo jeki, ndipo nati nne,
ndipo dramu, iliyong'ang'ania kama kupe
hadi nilipoigonga, nikaizungusha, nikaigonga,
ikatoka na vumbi lake jeusi
na harufu niliyoijua kabla sijainama.

Imevuja.
Viatu vya breki vimelowa, vinateleza
kama mgongo wa kamongo.

Sista Nkwimba amekaa kwenye benchi la gereji,
katoka zamu ya usiku, kavua raba,
vidole vya miguu vinapumua.
"Nilikanyaga pale kona ya kushuka Bugando," anasema,
"pedali ikaenda chini, kimya, kama mtu aliyekata tamaa.
Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikashika.
Mbele yangu kijana na mkokoteni wa ndizi.
Hakugeuka hata. Mpaka leo hajui."

Namsikiliza kwa sikio moja.
Springi naziweka kwenye sufuria kuukuu,
ya juu juu, ya chini chini.
Spana namba kumi, boliti mbili za mgongoni,
na silinda iko kiganjani, haizidi kidole gumba.
Ndicho hiki kinachobishana na mteremko.

Navua vifuniko vya vumbi. Napuliza.
Pistoni moja inaruka, ya pili inagoma,
naisukuma kwa bisibisi, inatoka ikinung'unika.
Na mipira miwili
iliyovimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai.

Mpira hauvimbi hivi kwa uzee.
Uzee huukausha, huupasua midomo.
Huu umeoshwa kwa petroli.

Na nani?

Nageuza silinda. Ubavuni, mikwaruzo miwili ya msumari,
alama ninayotia kila kazi nikiimaliza
nisije nikabambikiwa ya mwenzangu.

Januari. Umeme umekatika,
magari matatu uani, tochi ya simu mdomoni,
oili ya breki imebaki kifuniko kimoja,
na petroli ipo pale, kwenye kopo, karibu na mkono.
Karibu na mkono. Makosa yangu mengi hukaa hapo.

Ningeweza kusema, "Spea feki, sista."
Sentensi hiyo tunayo, tumeirithi pamoja na spana.
Angelilaani duka, angelipa, angenishukuru.

Nikamwambia.

Akanitazama kama anavyomtazama, nadhani,
mgonjwa aliyeficha vidonge chini ya godoro.
Bodaboda ikapita. Ikapita na nyingine.
"Kwa hiyo leo hunitozi."
"Sikutozi."
"Na mipira mipya?"
"Juu yangu."

Msasa laini, wenye maji,
nasugua tundu kwa mduara, si kwenda na kurudi,
maana mkwaruzo wa urefu ni mfereji.
Ukucha ukipita bila kukwama, basi.
Naosha kwa oili ya breki yenyewe, kopo jipya,
nimelifungua mbele yake ili asikie likikwaruka.
Mipira naipaka kwa kidole,
mdomo utazame ndani, presha inakotoka.

Sasa nimelala chini, kibomba kwenye chupa ya maji,
yeye kwenye usukani, peku.
"Pampu. Pampu. Shikilia."
Nafungua nati ya upepo: mapovu.
Nafunga. "Achia."
"Pampu. Pampu. Shikilia."
Mapovu.

"Na sisi hutoa upepo," sauti inatoka juu,
"kwenye sindano. Unagonga kwa ukucha,
unasukuma, unangoja tone safi."
"Mkiharakisha?"
Hajibu.

Tunalingoja.
Linakuja, la manjano hafifu, halina povu,
na nyuma yake uzi mmoja usiokatika.

"Pedali?"
"Jiwe."

Natambaa kutoka, naokota taulo.
Ameshavaa raba, ameshika funguo, lakini haondoki.
"Na ya kulia," anasema, "uliifunga lini?"

Siku ileile. Kopo lilelile.

Nashusha jeki. Navingirisha mawe,
moja, halafu la pili,
kwenda upande wa pili.