Maji ya Jumanne

Kila Jumanne, saa moja asubuhi, naingia mto Neris
hadi magotini, na chupa iliyotakaswa.
Mdomo wake naukabilisha na mkondo
nisije nikapima jasho la mkono wangu.
Kifuniko. Sanduku la barafu.
Bata wananitazama kama wakaguzi wa hesabu.

Bi Gražvyda hakosi,
miaka sabini na tisa, kofia ya mpira ya manjano:
"Vipi, yamefaulu mtihani?"
Namwambia sijui. Maabara huwakuza bakteria,
Alhamisi ndipo huwahesabu, nukta kwa nukta,
na Alhamisi chupa husema kweli tupu
kuhusu mto uliokwisha kwenda zake,
labda umefika Kaunas, labda baharini.

Wiki hii mvua ilipiga usiku kucha,
mitaro ya mji ikatapika.
Namba imekuja: elfu mbili na mia nne.
Nikapigilia kibao chekundu, misumari minne,
nikageuka.
Bibi keshavua nguo.

Hatukusemezana.
Alikisoma kibao polepole, bila miwani,
akachovya kidole gumba cha mguu,
akakitoa, akakitazama
kama barua ya kudaiwa.
Mto ulikuwa unang'aa, mzuri kupita siku zote,
na hilo ndilo lililoniuma.

Ameyavulia nguo, hakuyaoga.
Saa tatu nilimpita kituo cha basi,
taulo kavu mapajani,
na ile kofia ya manjano
bado iko kichwani.