Hatua Sifuri

Saa sita usiku, Isevya. Umeme umerudi
na feni inazunguka kama kibarua asiyelipwa.
Mezani, saa ya mkononi ya Kashindye,
muuguzi wa Kitete, zamu ya usiku wiki nzima.
Aliniachia mlangoni, hata hakuketi:
"Nimezunguka wodi mpaka viatu vimeomba radhi,
yenyewe inasema hatua sifuri."

Nafungua mipangilio. Akaunti mbili:
moja ya hatua, moja ya usingizi.
Nabonyeza ya kwanza. Inanitoa nje,
inanipeleka kwenye mlango wa wenyewe,
nywila, Ruhusu,
inanirudisha na alama ya kijani. Vizuri.
Nabonyeza ya pili. Nje, mlango, Ruhusu, kijani.
Nainua jicho: ya kwanza imezimika.
Unganisha, inaniambia,
kana kwamba hatujawahi kuonana.

Nairudia ile, hii inazima.
Mara tisa. Nahesabu kwa njiti za kiberiti.

Nimelaumu mtandao. Nimelaumu saa.
Nimemlaumu kijana aliyeandika sehemu hii
akaacha maelezo, "itarekebishwa baadaye",
akapata kazi Dodoma.
Miaka miwili. Baadaye ni mimi.

Ndipo treni ikapiga honi kule stesheni
na nikamkumbuka shangazi Nyanjige.
Hapa Tabora mabehewa hukatwa:
haya Mwanza, haya Kigoma.
Yeye alishuka kununua asali, akarudi
kwenye behewa la rangi ileile, dirisha lilelile,
akalala.
Akaamkia Urambo, chupa ya asali mapajani,
na mzigo wake ukafika Shinyanga peke yake.

Reli hazikukosea. Dereva hakukosea.

Nashuka hadi mstari wa mia mbili kumi na nne.
Huu hapa: funguo mbili, kila unaporudi mmoja
unatupwa kwenye droo ileile, kwa jina lilelile,
na uliochelewa ndio unaokalia kiti.
Naandika droo mbili. Majina mawili.
Maneno machache hivi,
na chai imeshaota ngozi.

Kijani.
Kijani.
Siamini. Naivaa saa mwenyewe, natoka uani,
nazunguka karo, nazunguka kamba ya nguo,
mbwa wa jirani ananitazama, hata habweki.
Hatua: arobaini na moja.
Usingizi: hakuna.