Daraja la Chumba cha Nyuma

Ukuta una unene wa dhiraa moja na shibiri.
Baba mkwe aliupanga jiwe juu ya jiwe
mwaka ule upepo wa burja uling'oa paa la kanisa,
na bintiye, mke wangu Marjeta,
akiniona tu nimeshika keekee
hunitazama kama niliyekwenda kufukua kaburi.
Basi sitoboi.

Upande huu, jikoni, ruta
inapepesa taa juu ya kabati la vyombo.
Upande ule, chumba kilichokuwa cha kukaushia mapaja ya nguruwe:
kulabu bado zinaning'inia darini,
chumvi bado inachomoza sakafuni siku za mvua,
na chini ya kulabu, mezani, kompyuta zangu mbili,
kongwe, nzito, viziwi kwa mawimbi ya hewani.
Hazisikii ila kwa waya.

Waya nilijaribu.
Niliupitisha mlangoni, ukaambaa na korido,
ukazunguka viatu vya Neža, mjukuu.
Siku tisa. Ya kumi Marjeta akajikwaa,
na mtungi wa kabichi ya chumvi ukaenda na maji.
Hakusema neno. Alifagia.
Aliyeoa anajua: kufagia kule kulikuwa hotuba.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi wa ishara za reli,
Sežana hadi Divača.
Nimeiambia treni simama, nimeiambia pita,
kwa waya, daima kwa waya.
Kisicho na waya nilikitia kapu moja na mizimu.

Kisha Tadej, kijana wa posta, akaniuzia kwa yuro kumi na mbili
kijisanduku kama kipande cha sabuni.
"Hili ni daraja," akasema.
Nikacheka. Madaraja nayajua:
yana nguzo, yana kutu,
yana mtu anayelipwa kuyapaka rangi.

Jioni nzima nimekaa chini ya kulabu.
Waya mfupi kutoka darajani hadi kwenye swichi,
nyaya mbili kutoka kwenye swichi hadi kwa viziwi wangu.
Taa ikawaka manjano.
Ikabaki manjano.
Inataka nenosiri.

Nenosiri aliliweka Marjeta
siku fundi wa kampuni alipokuja,
nami nimelazwa hospitali kwa ajili ya nyonga.
Miaka minne sijauliza. Ningeuliza ya nini?
Nikaita. Ukuta ule haupitishi sauti ya mume.
Nikaenda jikoni.

Alikuwa akimenya viazi. Hakugeuka.
"Murva," akasema, "herufi ndogo zote. Halafu sabini na mbili."

Murva, punda wa baba yake,
aliyetubwaga sote wawili mtaroni
kiangazi cha mwaka sabini na mbili,
nami nikamshika mkono kumwinua
nikasahau kuuachia.

Nilirudi polepole, na si kwa sababu ya nyonga.
Nikaandika, kidole kimoja kimoja.
Taa ikasita, ikawa kijani.
Kompyuta ya Neža ikafungua picha ya paka aliyovaa kofia;
yangu ikagoma hadi Jumapili, plagi ilikuwa imelegea.

Nikaweka kiganja ukutani. Baridi, unyevu kidogo.
Yanapita humu sasa hivi, barua na paka na hali ya hewa,
na chokaa haijadondoka hata punje.
Ng'ambo, nikitega sikio, sisikii kitu,
ila najua kisu kinaendelea na viazi.