Ngeli ya Roboti

Leo asubuhi, Milton Keynes, nje ya Co-op,
roboti la kupeleka maziwa limekwama ukingoni mwa lami.
Au niseme amekwama?
Mvua inanidondokea shingoni, mkoba mkononi,
na sentensi haijamalizika.

Maana lilisema, "Samahani, naomba unisaidie,"
kwa sauti ya mtoto aliyelelewa,
nasi kwetu Makorora hata jini
ambaye hakuna aliyemwona
tulimpa A-WA bila kumdai kitambulisho.
Nikamsukuma. Akavuka.
Hakusema asante.
Nikalirudisha LI-YA.

Glyn wa nyumba ya pili, tarishi mstaafu,
miaka thelathini na moja ya kufikisha barua na kuchanwa suruali,
halichukii kwa kunyang'anya watu kazi.
"Mbwa hawaling'ati," ananiambia.
"Hapo ndipo penye dhuluma."

Mpwa wangu Shemtoi alilirekodi likihangaika kwenye theluji.
Watu wakalia kutoka pembe zote za dunia,
wakalichangia pauni mia sita na kumi na mbili.
Glyn, mwenye goti bovu, naye alifunguliwa mchango
wa baiskeli ya magurudumu matatu.
Umefika pauni tatu, moja kwa kila gurudumu,
na mojawapo ni yake mwenyewe:
alikuwa anajaribu kama kitufe kinafanya kazi.

Chini ya video bado wanabishana.
Roboti ana haki? Ni njama ya serikali?
Ni njama ya maziwa?
Mwalimu Kiondo alitufundisha, chaki sikioni,
kwamba maoni hayana umoja.
Sikumwelewa hadi nilipopata intaneti.
Matusi yanao.

Mimi shida yangu ni taa.
Taa ya kijia chetu imekufa tangu Oktoba.
Nikamwandikia diwani, Bi Fenella Hartnoll,
jibu likaja baada ya sekunde nne:
"Nimeguswa sana, Bi Sikudhani. Nikiwa mzazi, naelewa."
Sekunde nne! Mimi kuguswa kunanichukua hadi chai ipoe.
Nikamuuliza: una watoto wangapi?
"Ungependa niwe na wangapi?"

Kiongozi, kibaraka, kigeugeu:
tazama umbo, yote KI-VI, ndugu wa kijiko na kiatu,
lakini ukiyatungia sentensi huna budi useme
ameahidi, amesahau, amerudi tena.
Sarufi ina adabu kuliko sisi.

Jumamosi akaja mlangoni mwenyewe, uchaguzi u karibu.
"Nimeguswa sana," akaanza,
nami mkono tayari uko kwenye komeo.
Ndipo akapiga chafya,
chafya ya kumwaga vipeperushi vyote dimbwini,
akatamka neno ambalo halimo kwenye ilani ya chama chake.
A-WA, nikaamua. Nikamletea taulo.
Kura bado naifikiria.

Usiku nikaingia kwenye tovuti ya halmashauri,
niiripoti taa upya, huenda safari hii akasoma mtu.
Kwanza, ikaniambia, thibitisha kwamba wewe si roboti:
chagua picha zote zenye taa za barabarani.
Nikaitafuta ya kwetu. Haimo.
Nikabonyeza moja iliyofanana nayo kidogo, kwa huruma.
Nimekosea. Jaribu tena.
Nimekosea. Jaribu baada ya saa ishirini na nne.

Nje, katika giza la kijia chetu, likapita polepole,
kibendera chake kikiwaka, vitunguu vya mtu tumboni,
na hapakuwa na yeyote wa kulidai
lithibitishe kwamba si Sikudhani.