Kausha Kwanza

Mama Ntakwinja hakusema boti imeoza.
Alisema: inatetemeka. Chai inaruka kikombeni
toka Idjwi mpaka hapa, na mananasi yangu
yanafika yamechubuka kama yaliyopigana.

Tuliinyanyua injini kwa mnyororo
chini ya miguu mitatu ya mikaratusi,
ufukoni Nguba, mvua ingali Kahuzi.
Akonkwa kashika kamba, mimi spana.
Buloni nne. Hazikukaza, hazikulegea,
zilizunguka tu, kama mdeni ukimuuliza pesa.

Nikagonga kwa mpini wa nyundo.
Mbele: ko, ko. Mbao inajibu.
Nyuma: pu.
Nikatoboa kwa keekee nyembamba.
Yakatoka maji ya kahawia,
kisha uji mweusi, laini, kama mashapo ya kahawa,
na harufu ya chumba kilichofungwa na mgonjwa ndani.

Akonkwa akatema mate:
Fundi gani mjinga alifunika mbao mbichi kwa faiba,
akapaka rangi juu, akala pesa?

Sikujibu. Nilikuwa nachana ganda,
tabaka kwa tabaka, vumbi likiniwasha shingo,
hadi nikaona, ndani ya rezini iliyogeuka manjano,
alama ya penseli: mshale, na arobaini na saba,
ile saba ninayoikata kiuno
kama nilivyofundishwa darasa la kwanza.
Mbao imekwisha, penseli imebaki.
Mkono wangu. Miaka kumi na mmoja.
Mwenye boti wa wakati ule alikuwa na haraka,
mtoto wangu hospitalini,
nami na haraka kumzidi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa.
Niliziba! Hakuna aliyeziba kama mimi Bukavu nzima.
Hawakusema: kausha kwanza.
Ziwa halina kosa, ziwa liko nje.
Kilichoiua mbao ni maji niliyoyafungia ndani
na matundu ya buloni niliyoyaacha na kiu,
yakainywa mvua tone kwa tone.

Kabla ya kukata nilikuwa nimevuta uzi
toka mhimili wa rafadha hadi ukuta wa mbele,
maana injini ikishuka hata unene wa kucha
chuma kitasaga chuma.
Kisha patasi. Kisha jiko la makaa
katika tumbo la boti, siku tisa.
Kila asubuhi Mama Ntakwinja juu ya mawe:
Bado?
Bado.
Jana ulisema hivyo.
Na jana ilikuwa bado.

Muvula nilinunua Kadutu, mbao mbili,
nikazigusisha shavu kwanza mbele ya muuzaji:
mbao mbichi ni baridi kama pua ya mbwa.
Akacheka. Nikairudisha moja.

Nikazinywesha rezini hadi zikakataa.
Matundu niliyatoboa makubwa, nikayajaza, yakaganda,
nikatoboa tena katikati, madogo,
ili buloni isiijue mbao
wala mbao isiyajue maji.

Akonkwa alikuwa kwenye mashine ya kusaga,
mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.
Nikasema: yule mjinga ni mimi.
Mashine haikunyamaza. Sijui kama alisikia.
Lakini tulipofika tabaka la mwisho,
kitambaa bado kikavu mkononi mwake,
alitoa penseli nyuma ya sikio, akaniwekea kiganjani.
Andika, akasema.
Nikaandika kipimo. Nikaikata saba kiuno.
Chini yake, safari hii, jina langu lote.

Injini iliwaka mara ya pili.
Mama Ntakwinja akatua kikombe juu ya kifuniko chake,
akakikazia macho muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Bei?
Lipa rezini, lipa muvula.
Na mkono?
Mkono ulilipwa zamani.

Akanitazama kama anayehesabu chenji.
Halafu akaacha mananasi mawili juu ya jiwe,
moja limechubuka.