Mgeuza Reli

Marehemu Lugendo aligeuza reli pale Kaliua
miaka ishirini na sita. Mkono wa chuma, bendera ya kijani,
taa ya chemli iliyonukia hadi kwenye mto wetu wa kulalia.
Alizoea kusema: behewa halina akili,
huenda linakoelekezwa.

Leo Daktari Bitwale ananichorea
nyuma ya karatasi ya vipimo vya mtu mwingine.
Huu mlango wa kizazi. Hapa ndipo ilipoanzia, punje ya ulezi.
Na hii ni mishipa, lakini si ya damu.
“Ya nini basi, mwanangu?”
“Ya maji, mama. Meupe kidogo,
kama ya kuoshea mchele mara ya pili.
Hayana moyo wa kuyasukuma.
Hutembea ukitembea, husogea ukivuta pumzi.”

Nikajiona napalilia tumbaku, nabeba kuni, nacheza ngoma
harusini kwa Wande,
na kila hatua naisukuma mbele, mimi mwenyewe, kwa nyonga zangu.
Akanisoma usoni.
“Usiache kutembea. Si miguu iliyokosa.”

Penye njia hapakosi vituo: vitezi, vidogo kama maharage.
Sisi tuliviita mitoki, tukavikanda kwa kitambaa cha moto.
Humo askari wa mwili hukagua kila apitaye.
Abiria wangu alikaguliwa. Tiketi hana.
Hakushushwa.
Akapanga chumba, akazaa, akazaa tena,
kituo kikawa na jina lake.

Kwanza nyongani, kulia na kushoto.
Kisha kando ya mshipa mkuu, sambamba na uti wa mgongo.
Kisha juu, juu kabisa,
kishimo cha nyuma ya mtulinga wa kushoto.
“Na hapo?”
“Hapo ni Kigoma, mama,” akasema, mtoto wa Ujiji yule,
“mwisho wa reli.”
Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka.

Kesho usiku napanda. Tabora nibadili,
Isaka, Shinyanga, hadi Mwanza kwenye mashine ya mionzi:
khanga mbili, karanga za kukaanga, bahasha ya picha.
Wasafiri wawili, mwili mmoja.

Nagusa mtulinga. Ni mshipa unaodunda,
au punje?
Vidole vyangu vina sugu za jembe, sivisadiki.

Lugendo, ule mkono wa chuma
ulikuwa mzito kiasi gani?
Hukuniruhusu kuushika hata siku moja.