Tarehe za Mlangoni

Programu inauliza: kuanzia lini, mpaka lini?
Tsiala anakitazama kishale kikipepesa.
Mvua ya mawe haina mpaka lini.
Ilipiga Napareuli mwezi wa sita, ikanyamaza miaka minne,
ikaja Agosti, na juma halijaisha ikaja tena,
kama mdai aliyerudia kofia yake.

Tarehe alizitoa mlangoni,
ghala la mvinyo la mjomba Vazha,
mitungi imezikwa mpaka shingoni,
na kwenye mbao, kwa kaa la moto uliozimika:
siku, mwezi, mwaka.
Mistari kumi na miwili. Aliipiga picha kwa simu,
mjomba kashika taa, hasemi kitu.

Basi anaandika mwenyewe:
chukua hii, ruka,
chukua hii, ruka siku elfu moja mia nne na tatu,
chukua.
Kosa. Mabano hayakufungwa.
Kosa. Mwaka mrefu umechomeka siku yake Februari.
Saa saba za usiku, Tbilisi, chai imepoa mara ya tatu.

Halafu miraba inajaa.
Jumlisha, gawanya kwa kumi na mbili:
juu ya Bahari Nyeusi doa la buluu,
upepo wa juu umepinda mgongo kuifuata milima.
Laini. Laini mno.
Hakuna hata siku moja iliyokuwa hivi.
Wastani haupasui jani.
Wastani haumkimbizi mtu shambani
na karai kichwani.

Asubuhi anampigia, amsomee moja moja.
Ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ndiyo, ilivunja na vigae.
Ya nne, Septemba tisa?
Kimya. Mbwa anabweka upande wa pili wa simu.
"Hiyo siyo mawe.
Hiyo ni siku Lamara alipoondoka.
Sikuwa na pengine pa kuandika."

Anaitoa.
Gawanya kwa kumi na moja.
Ramani haishtuki: mstari mmoja wa kanieneo
umesogea mashariki, mraba mmoja tu.

Kisha, kwa kuwa hakuna anayemwona,
anaifungua ile siku peke yake, bila wenzake.
Napareuli, saa nane mchana.
Nyuzi ishirini na nne.
Upepo hafifu, hautikisi hata pazia.
Mvua, sifuri.
Anga safi, mraba kwa mraba,
mpaka ukingo wa ramani.